Kitoweo Kiko Wapi? Kisa cha Chakula cha Waswahili Katika Nyumba ya Wazee Uingereza

Kisa hiki kilitokea katika nyumba ya kulelea wazee kwenye mji mmoja wa katikati mwa Uingereza. Majina, mji na mwaka vimeondolewa, na baadhi ya maelezo ya wakazi yamesogezwa kidogo ili mtu asitambulike. Vipimo vya jikoni vimeachwa kama vilivyo, maana hivyo ndivyo mpishi mwingine atakavyovihitaji.

## Usuli

Nyumba ina vitanda 40 na jiko moja. Mpishi mkuu ni fundi wa chakula cha Kiingereza: nyama ya kuoka, viazi vya kuponda, pai, mboga za kuchemsha. Menyu yake huzunguka kila baada ya wiki 4. Wakati kisa kinaanza, wakazi 6 walikuwa na asili ya Afrika Mashariki na Kati: wanne wa Unguja na Mombasa, mmoja Mganda, mmoja Mkongo wa Kivu Kusini. Kwenye fomu za kupokelewa wote sita waliandikiwa maneno yaleyale, "chakula cha Kiafrika". Wanne wakaongezewa "halali". Hakuna aliyeulizwa zaidi ya hapo.

Mhusika mkuu tumwite Bibi. Ni mzaliwa wa Unguja aliyehamia Uingereza miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964. Alipofika miaka 81 alipata kiharusi chepesi, kisha demensia, ugonjwa unaodhoofisha akili na kumbukumbu. Kiingereza alichokizungumza zaidi ya miaka 50 kikaanza kumtoka, Kiswahili kikabaki. Wanaolea wazee ughaibuni wanaijua hali hii: lugha ya ukubwani huweza kutangulia kuondoka, na hamu ya chakula nayo huweza kurudi ilikoanzia. Mtu aliyekula viazi vya kuponda miaka 30 bila neno, siku moja anavisukuma mbali.

Baada ya kiharusi, mtaalamu wa kumeza alimwekea ngazi ya 6 ya IDDSI, mfumo wa kimataifa wa kupanga ulaini wa chakula kuanzia 0 hadi 7. Kwa mtu mzima, ngazi ya 6 ni chakula laini cha vipande visivyozidi sentimita 1.5, kinachobonyea kwa uma na kisirudie umbo lake. Vitu vya kunata, vikavu, vya nyuzinyuzi au vya kumeng'enyuka punje punje haviruhusiwi.

Ndani ya miezi 5 Bibi alishuka kutoka kilo 54 hadi 48.5, yaani zaidi ya asilimia 10. Kwa kipimo cha MUST kinachotumika Uingereza kutambua utapiamlo, upungufu huo ulimpa alama 2, na uzito wake ukilinganishwa na kimo ukampa 1. Jumla 3, na kuanzia 2 mtu yuko kwenye hatari kubwa. Akaandikiwa vinywaji vya kuongeza lishe mara mbili kwa siku. Alivinywa nusu.

Daftari la wahudumu lilirudia mambo mawili: "amekataa chakula" na "anasema maneno yasiyoeleweka". Mhudumu mmoja aliyekuwa akisaidia chakula cha jioni aliandika neno kama alivyolisikia: *kitowewo*. Binti wa Bibi alipoonyeshwa ukurasa ule hakuhitaji maelezo. "Mama anauliza kitoweo kiko wapi."

Kwa mtu wa pwani, wali peke yake ni nusu ya chakula. Nusu ya pili ni kitoweo: samaki, nyama, kuku au maharage, pamoja na mchuzi wake. Sahani yenye viazi, karoti na kipande kikavu cha kuku kilichopakwa kijiko kimoja cha mchuzi wa kahawia ilikuwa na virutubisho vyote kwenye karatasi. Kwa Bibi ilikuwa sahani ambayo bado haijaletwa chakula. Swali lake lilikuwa na maana kamili, na kwa miezi kadhaa liliandikwa kuwa dalili ya ugonjwa.

## Kilichotokea

Jaribio la kwanza: Siku ya Afrika. Nyumba ilitumia mwezi wa Oktoba, ambao Uingereza huadhimisha historia ya watu weusi. Ukumbi ulipambwa vitambaa, ngoma zikapigwa, jiko likapika wali wa jolofu na ndizi za kukaanga. Nia ilikuwa njema na wakazi wengi walifurahi. Lakini jolofu ni chakula cha Afrika Magharibi, cha Senegali, Ghana na Nigeria. Wazee wa pwani waliona wali mkavu, mwekundu, wenye pilipili, usio na mchuzi. Bibi aliuliza swali lake lilelile. Mkongo alikula ndizi tatu na kuacha mengine. Kesho yake menyu ikarudi kama kawaida.

Jaribio la pili: masufuria ya Ijumaa. Binti aliwasiliana na jumuiya ya Waswahili wa mji huo. Mama mmoja wa makamo, ambaye kila mtu humwita Shangazi, akajitolea kupika kwake na kuleta kila Ijumaa. Ijumaa ya kwanza Bibi alikula sahani nzima ya wali wa nazi na samaki. Ijumaa ya tatu mpishi mkuu alitumbukiza kipimajoto kwenye sufuria ya wali: nyuzijoto 52. Safari ilikuwa imechukua dakika 40. Chakula kikazuiliwa mlangoni.

Shangazi aliondoka amekasirika, na familia ikaona ni dharau. Haikuwa dharau. Chakula cha moto hutakiwa kukaa nyuzi 63 au zaidi. Wali ukishuka chini ya hapo, mbegu za bakteria wa *Bacillus cereus*, ambazo haziuawi na kuchemsha, huamka na kutoa sumu, na kuupasha wali upya hakuiondoi sumu hiyo. Kwa mzee wa kilo 48, siku mbili za kutapika zinaweza kumpeleka hospitali. Kosa la nyumba lilikuwa kumwambia "hairuhusiwi" na kuishia hapo. Hakuna aliyekaa naye akamweleza sababu, wala kumpa sanduku la kuhifadhi joto na kipimajoto.

Jaribio la tatu: Shangazi aingie jikoni. Meneja alibadili swali. Badala ya kuuliza namna ya kupokea chakula kutoka nje, aliuliza namna ya kukipika ndani. Alimwendea Shangazi kwake, akaomba radhi, akampa mkataba wa vipindi 6 vya saa 4 kwa malipo sawa na ya mpishi wa zamu. Malipo hayo yalikuwa uamuzi wa makusudi. Ujuzi wa jumuiya ukichukuliwa bure hudumu kwa muda wa hisani ya mtu mmoja tu.

## Maamuzi ya jikoni na sababu zake

Kabla ya kuwasha moto, fomu ilibadilishwa. Mstari wa "chakula cha Kiafrika" ulifutwa, yakawekwa maswali manne, familia ikiwepo: Ulikulia wapi? Asubuhi nyumbani mlikunywa na kula nini? Ukiumwa ulipikiwa nini? Kuna chakula gani usichogusa, na kwa nini? Swali la tatu ndilo lililozaa matunda mengi. Karibu kila chakula cha mgonjwa ni laini tayari, na mtu anakijua tangu utotoni kuwa ni cha kumrudishia nguvu.

Bibi, kwa msaada wa binti yake, alitaja mashendea (wali uliopikwa ukawa laini na majimaji), bokoboko (ngano na nyama zilizopikwa hadi kupondeka) na uji.

Shangazi hupima kwa jicho. Kumsimamisha kila hatua ili apime gramu kungeharibu mkono wake, kwa hiyo kila chombo, cha chumvi, cha bizari, cha mchele, cha samli, kilipimwa kwenye mizani kabla hajaanza na kikapimwa tena alipomaliza. Tofauti ndiyo kipimo. Sufuria nayo ilipimwa tupu kisha imejaa, ikajulikana chakula kimetoka kilo ngapi na sahani ngapi. Kila pishi lilirudiwa mara mbili, mara ya pili mpishi mkuu akipika na Shangazi akionja.

*Mashendea ya nazi.* Hapa palikuwa na mvutano. Shangazi, kama mpishi yeyote wa pwani, huona fahari kwa wali uliochambuka, kila punje peke yake. Wali wa namna hiyo ndio hatari kwa asiyemeza vizuri, kwa sababu punje hutawanyika kooni. Alipoambiwa hivyo alisema, "Basi mnataka mashendea, si wali," na ubishi ukaisha. Kadi ikaandikwa: mchele wa kawaida usio basmati kilo 1, maji lita 2.2, chumvi gramu 12. Uchemke polepole dakika 25, kisha tui la kopo mililita 800 na moto mdogo dakika 10 zaidi, ukikoroga. Hutoka sahani 14 za gramu 250. Tui likiingia mwanzoni na moto ukiwa mkali hukatika, mafuta yakaelea juu na chini pakaungua. Mashendea hayatoki jikoni bila mchuzi mzito juu yake, na yakipoa hunata, kwa hiyo hugawiwa papo hapo.

*Bokoboko.* Ngano iliyokobolewa gramu 500, iliyolowekwa usiku kucha. Kuku wa halali asiye na mifupa gramu 700. Maji lita 4. Kijiti cha mdalasini. Chumvi gramu 15. Jiko halikuweza kumwacha mtu mmoja juu ya sufuria saa tatu na nusu, ndipo likahamia kwenye oveni: chombo kimefunikwa, nyuzi 140, saa 4. Mdalasini hutolewa, kisha chombo huingia kwenye mashine ya kukandia yenye kipigio bapa. Mara ya kwanza mashine iliachwa dakika 8, na bokoboko likavutika kama gundi, kwa kuwa ngano ikipigwa sana huachia utando wake. Mtaalamu wa kumeza alilikataa. Mara ya pili zilitosha dakika 3, na supu ya moto mililita 300 pamoja na samli gramu 100 za kulilegeza. Likakubaliwa. Hutoka sahani 12. Kijiko kimoja cha samli cha gramu 15 kina kalori karibu 130. Kazi ambayo jiko la Kiingereza huifanya kwa krimu na siagi, jiko la pwani limeifanya siku zote kwa tui na samli.

*Uji.* Ulionekana rahisi kuliko vyote, nao ndio uliosumbua. Uji wa ulezi huzidi kuwa mzito unavyopoa, hivyo uliopimwa jikoni si uliofika chumbani. Zaidi ya hapo, mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kijiko kikitoka mdomoni na kurudi bakulini mara kumi, uji uliobaki huwa mwepesi, na mwepesi ndio unaompalia mgonjwa. Utaratibu uliowekwa ni bakuli dogo la mililita 150 badala ya kubwa la 300, na la pili huchotwa jipya.

*Ugali* haukupita ngazi ya 6, kwa kuwa unanata na kushikana. Wakazi wanaotafuna vizuri waliupata, kwa unga mweupe wa mahindi kutoka duka la Waafrika. Polenta ya dukani, yaani unga wa mahindi wa Kiitaliano, ilijaribiwa ikatoa kitu cha njano, chenye chengachenga, kisichofinyangika.

*Halali na vizio.* Masufuria mawili, miiko na ubao wa kukatia vilitengwa kwa utepe wa kijani. Mambo mawili yalikuwa yamepita bila kuonekana kwa muda mrefu: vidonge vya supu vyenye mafuta ya kuku asiye halali, na mtindi wenye jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Kwenye kadi za vizio 14, yaani vyakula vinavyoweza kumdhuru mwenye mzio, ambavyo sheria ya Uingereza inataka vitajwe, iligundulika kwamba bizari ya pakiti iliyokuwa ikitumika ina haradali, na kidonge cha supu kina figili (celery). Nazi haimo katika orodha ya vizio 14, lakini huandikwa hata hivyo.

*Figo na damu.* Mkazi Mganda ana ugonjwa wa figo, na matoke yana potasiamu nyingi, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini. Hayakuondolewa. Ndizi humenywa, hukatwa vipande vidogo, huchemshwa kwenye maji mengi, maji yakamwagwa, ndipo zikapondwa. Njia hii hupunguza potasiamu tu, haiimalizi, hivyo mtaalamu wa lishe aliweka kiasi na siku. Mkazi mwingine anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mchicha una vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Kwake shauri lilikuwa mchicha uwe kiasi kilekile kila wiki, usije mwingi wiki hii na kukosekana wiki ijayo.

Uamuzi wa mwisho haukugusa sufuria. Bibi alikuwa akipewa uma, akiushika, akiugeuza, akiuweka chini. Binti aliomba aruhusiwe kula kwa mkono. Mhudumu akaanza kuleta birika la maji ya vuguvugu na beseni kabla ya sahani. Siku ya kwanza, maji yalipogusa vidole vyake, Bibi alivisugua kimoja kimoja, akakung'uta mkono, akasema Bismillahi, na mkono wa kulia ukaenda wenyewe kwenye sahani. Akatwaa tonge dogo, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalichovya kwenye mchuzi. Mhudumu aliyekuwa amezoea kumlisha kijiko kwa kijiko alikaa pembeni, kazi yake ikiwa kuangalia tonge lisiwe kubwa.

## Matokeo

Baada ya wiki 16 Bibi alikuwa na kilo 51.2. Mtaalamu wa lishe alipunguza vinywaji vya nyongeza kutoka viwili hadi kimoja kwa siku. Hakurudi kilo 54, na demensia yake iliendelea. Chakula hakiponyi demensia, na hakuna aliyeiahidi familia hivyo.

Kati ya wazee watatu wengine wa pwani, wawili waliongezeka uzito na mmoja hakubadilika. Kadi 9 za mapishi ziliingia kwenye mzunguko wa wiki 4, kila moja ikiwa na vipimo, ngazi ya ulaini, vizio na picha ya sahani ilivyotoka. Bokoboko lilianza kuombwa na wakazi Waingereza wenye ngazi ya 6, waliochoka na vyakula vya kuponda.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni karatasi. Mpishi mkuu alipougua wiki mbili, mpishi wa muda alishika kadi akapika mashendea bila kuuliza mtu. Chakula chetu kikikaa kichwani mwa mtu mmoja mwenye mapenzi mema, huondoka naye siku anapohama, na menyu hurudi kwenye viazi. Kikiandikwa kwa gramu kwenye faili lilelile lenye pai na nyama ya kuoka, kinakuwa chakula cha nyumba. Kanuni ya 14 katika kanuni za huduma za mwaka 2014 za Uingereza inawataka watoa huduma kutimiza mahitaji ya chakula yasiyopita kiasi, yanayotokana na dini au utamaduni. Meneja aliitumia kuombea bajeti ya mizani, masufuria na malipo ya Shangazi, na akapewa. Familia nyingi za ughaibuni huomba jambo hili kama fadhila, ilhali zingeweza kulidai zikiitaja kanuni hiyo.

Cha pili ni kuutafuta ulaini ndani ya mapishi yenyewe. Makosa mengi huanzia kwenye kuchukua chakula kigumu cha sherehe, pilau kwa mfano, na kukisaga kwenye mashine. Hutoka uji wa kahawia usio na jina wala hamu. Mashendea, bokoboko, mseto wa choroko na matoke vina ulaini wake tangu asili. Mzee anapoletewa mashendea anajua analetewa nini.

Siku ya Afrika haikushindwa kwa sababu ya ngoma wala vitambaa. Ilishindwa kwa kudhani kuwa bara zima lina sufuria moja, na kuwa siku moja ya sherehe inatosha kwa mtu anayekula mara tatu kwa siku. Masufuria ya Ijumaa yalikuwa na chakula sahihi bila ulinzi wa joto. Jiko lilikuwa na ulinzi wa joto bila chakula sahihi. Wiki kadhaa zilipotea kwa sababu kila upande ulimwona mwenzake ndiye tatizo.

Ramadhani ilipangwa vibaya. Daktari na imamu walikubaliana kwamba Bibi ana ruhusa ya kutofunga, lakini alitaka kukaa kwenye futari na wenzake. Jiko hufungwa saa 12 jioni, na Magharibi mwaka ule ilikuwa baadaye. Siku tisa za mwanzo futari ililetwa saa 11, ikapoa ikisubiri. Ilibidi birika la uji na tende zilizolowekwa na kupondwa viachwe chini ya mhudumu wa jioni, aliyefundishwa kutumia kipimajoto. Hilo lingeweza kujulikana miezi miwili kabla kwa kutazama kalenda.

Kasoro kubwa zaidi ni ya yule Mkongo. Alihesabiwa pamoja na Waswahili kwa kuwa anaongea Kiswahili, lakini Kiswahili cha Kivu hakikuja na nazi. Chakula chake ni bugali wa muhogo, sombe (mboga ya majani ya muhogo) na samaki. Kadi 9 zote ni za pwani na Uganda, kwa sababu Shangazi ni wa pwani na binti wa Bibi ndiye aliyepiga simu nyingi. Yeye hana mtoto Uingereza. Uzito wake haukushuka, kwa hiyo hakuna kipimo kilichopiga kengele. Mhudumu alipomuuliza maswali manne ya fomu mpya, mwezi wa nne tangu mradi uanze, alijibu kwa dakika 40.

Kadi ya kumi, ya sombe, iliandikwa kutokana na majibu yake: majani ya muhogo yaliyotwangwa, ya kugandishwa, kilo 1, yachemshwe saa moja na nusu bila kufunikwa ili sumu ya sianidi iondoke na mvuke, kisha kitunguu, mawese mililita 60 na samaki wa kukaushwa. Pakiti hizo msambazaji mkuu wa nyumba hana. Mpishi huzinunua mbili kila Jumatano kwenye duka la Wakongo karibu na stesheni, kwa fedha za matumizi madogo, na kadi hiyo bado haijapata nafasi kwenye mzunguko wa wiki 4.